Kikapu Kilichofichwa na Mwenyewe

Jina la Kariokor lilianza kama maneno mawili ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwabebesha chakula na risasi katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu wa Nairobi waliyasikia maneno hayo wakayatamka Kariokor. Watu wa Dar es Salaam waliyasikia yayo hayo wakayatamka Kariakoo. Kilichotamkwa kilikuwa kimoja, masikio yakawa mawili, na leo ni majina ya mitaa miwili yenye masoko makubwa katika nchi mbili. Waliolitunga jina lile ofisini hawakuwa na usemi wowote juu ya umbo ambalo lingebaki midomoni mwa watu. Nimeanza na jina hili kwa sababu sura hii inahusu maneno ya aina hiyo: maneno ambayo maana yake hukamilishwa na anayeyapokea. Mwenye tovuti huyaandika katika faili dogo linaloitwa robots.txt, akidhani ametoa amri. Injini ya utafutaji huyasoma, huyafasiri kwa kanuni zake yenyewe, kisha hutenda kwa kadiri ilivyofasiri. Hoja yangu ni kwamba kati ya mwandishi na msomaji wa faili hili, mwenye uamuzi ni msomaji, na kwamba mfanyabiashara wa Nairobi asiyelijua hilo hupata hasara mara mbili: hujificha pale anapotaka kuonekana, na hujiona salama pale asipokuwa na ulinzi wowote.

Faili lenyewe lilizaliwa mwaka 1994. Mholanzi Martijn Koster, wakati huo akifanya kazi katika kampuni ya Nexor nchini Uingereza, alipendekeza njia rahisi ya kuzituliza roboti, yaani zile programu zinazofuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine zikikusanya maandishi. Seva za siku zile zilikuwa dhaifu, na roboti moja isiyo na adabu iliweza kuielemea seva hadi wageni wa kawaida wasihudumiwe. Pendekezo lake likawa kwamba kila roboti, kabla ya kugusa ukurasa wowote, iombe kwanza faili hilo moja na kusoma lililoandikwa humo. Kwetu tungesema ipige hodi. Lakini hodi hii ina tofauti moja na ya kwetu, na tofauti hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Mswahili akibisha hodi mara tatu asiitikiwe, hugeuka akaenda zake. Kimya ni jibu tosha. Roboti hufanya kinyume. Ikiomba faili ikaambiwa na seva kwamba halipo, huhesabu kuwa imekaribishwa nyumba nzima, hadi chumba cha ndani. Ila seva ikijibu kwamba imeharibika, kwa zile namba za hitilafu zinazoanzia 500, hapo roboti hutakiwa kudhani kwamba kila mlango umefungwa. Google, kwa mfano, huacha kupitia tovuti kwa muda wa saa 12 za kwanza, kisha huweza kutumia nakala ya mwisho iliyokuwa nayo kwa hadi siku 30. Kwa hiyo anayenyamaza amekubali, na anayeugua amekataa. Duka ambalo seva yake huzimika mara kwa mara huweza kukuta roboti haziji tena, ilhali mwenyewe hakuandika hata herufi moja ya kuzikataza.

Tulitazame faili kwa karibu. Chukua tovuti ya kufikirika ya muuzaji wa vyondo na vikapu, kazi ambayo soko la Kariokor linajulikana nayo pamoja na viatu vya ngozi. Tovuti hiyo ina ukurasa wa malipo ambapo mteja huona alichochagua, nao unaitwa /kikapu/. Hauna faida kwa anayetafuta bidhaa, kwa hiyo mwenye duka anaandika mistari miwili: wa kwanza, User-agent: *, ukimaanisha roboti yoyote, wa pili, Disallow: /kikapu, ukimaanisha usipite hapo. Yeye amekusudia ukurasa mmoja. Msomaji anasoma jambo jingine, kwa sababu kanuni ya faili hili hailinganishi majina mazima, bali mianzo ya majina. Kila anwani inayoanza na herufi na alama hizo saba imekatazwa, ikiwemo /kikapu-cha-katani.html na /kikapu-kidogo-chekundu.html. Muuza vikapu amezuia vikapu vyake visisomwe. Hakuna kengele itakayolia. Tovuti itafunguka vizuri kwenye simu ya kila mteja, picha zitang'aa, bei zitaonekana, na injini ya utafutaji itatii kimya kimya kosa alilolifanya.

Akigundua, atatafuta dawa, na dawa nazo hutegemea msomaji. Tuseme anauacha mstari wake wa Disallow na kuongeza mwingine chini yake: Allow: /kikapu-cha. Je, kikapu cha katani kimefunguliwa? Roboti iliyofuata maandishi ya mwaka 1994 ingesema hapana, kwa sababu maandishi hayo hayakuwa na neno Allow kabisa. Roboti iliyofuata rasimu ya Koster ya mwaka 1996 ingesema hapana pia, kwa sababu rasimu hiyo ilitaka mistari ichukuliwe kwa mpangilio na wa kwanza unaolingana ndio ushinde. Googlebot ya leo, yaani roboti ya Google, inasema ndiyo, kwa sababu inafuata kanuni ya mstari mrefu zaidi: /kikapu-cha ina herufi na alama 11, /kikapu ina 7, basi ruhusa inashinda katazo hata kama iko chini yake. Faili ni moja, hakuna nukta iliyobadilika, na majibu ni mawili. Mtu akiuliza faili hilo lina maana gani hasa, jibu la kweli ni kumuuliza naye: kwa macho ya nani?

Kwa miaka 28 hapakuwa na hati rasmi ya kulijibu swali hilo. Kila kampuni ilisoma kwa mila yake. Injini ya Bing hutii mstari wa Crawl-delay, unaoiomba roboti ipumzike kati ya ombi moja na lingine, Google haiutii. Kisomaji cha Google kinasamehe hata tahajia, kwamba aliyeandika Dissallow au Disalow huhesabiwa kuwa amekataza, huku msomaji mwingine akiweza kuupuuza mstari huo mzima kama haupo. Tovuti nyingi zilikuwa zimeandika neno noindex, yaani usiutaje ukurasa huu, ndani ya faili hili, Google ikilifuata bila kuwahi kulitangaza kama kanuni, hadi ilipoliacha tarehe 1 Septemba 2019. Siku hiyo maelfu ya mistari iliyokuwa na maana jana yake ilibaki maandishi matupu, bila mwandishi hata mmoja kuigusa. Miezi miwili kabla, Google ilikuwa imeweka hadharani programu yake ya kusomea mafaili haya na kupeleka rasimu ya kanuni kwa chombo kinachosimamia viwango vya intaneti, Koster mwenyewe akiwa miongoni mwa waandishi. Septemba 2022 rasimu hiyo ikawa waraka namba RFC 9309. Ni hatua njema, na naiheshimu. Lakini tuitambue ilivyo: wengi wa walioketi kuandika jinsi ya kusoma walikuwa wasomaji. Kanuni ya mstari mrefu imeandikwa humo kwa sababu ndivyo Google ilivyokuwa ikisoma. Na waraka wenyewe unasema waziwazi kwamba mistari hii si njia ya kutoa idhini ya kuingia. Hata baada ya kuwa kiwango, faili limebaki kuwa ombi.

Kuna kutoelewana kwingine ambako kumewagharimu watu zaidi ya hayo yote, nako ni kuchanganya kutoingia na kutotajwa. Disallow huiambia roboti isifungue ukurasa. Haiiambii isiutaje. Ukurasa uliokatazwa ukitajwa kwa kiungo kwenye tovuti nyingine, injini huijua anwani yake, na huweza kuionyesha kwenye matokeo bila maelezo yoyote chini yake, sawa na mtu anayeweza kukuelekeza kwenye nyumba ambayo hajawahi kuingia. Anayetaka ukurasa usitajwe kabisa anapaswa kuweka alama ya noindex ndani ya ukurasa wenyewe, na hapo ndipo penye mtego: ili roboti iione alama hiyo, lazima iruhusiwe kuufungua ukurasa. Anayeweka vyote viwili, katazo nje na alama ndani, ameiziba macho roboti isisome lile alilotaka isome. Na anayeorodhesha kurasa zake za siri humo ili zisionekane amefanya vibaya zaidi, kwa kuwa faili hili ni la wazi kwa kila mtu. Andika /mishahara-ya-ndani humo, nawe umempa mdadisi anwani aliyokuwa hana.

Kenya ina kisa kinachoonyesha mpaka wa ulinzi huu kuliko mfano wowote wa kufikirika. Mocality ilikuwa orodha ya biashara za Kenya, iliyokusanywa na watu waliozunguka mitaani wakiandika majina ya maduka, mahali yalipo na namba za simu, na kulipwa kwa M-Pesa kwa kazi hiyo. Kufikia mwanzo wa 2012 ilikuwa na biashara zaidi ya 170,000. Orodha hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote. Kampuni ilikuwa ikizitambua na kuzizuia programu zinazokuja kukwangua data kwa wingi. Tarehe 13 Januari 2012 mkuu wake, Stefan Magdalinski, alieleza hadharani kwamba wafanyabiashara waliokuwa kwenye orodha walikuwa wakipigiwa simu na watu wa mradi wa Google wa kuzifungulia biashara za Kenya tovuti, na kwamba wapigaji walidai wanashirikiana na Mocality. Ili kuhakikisha, Mocality iliifanya tovuti yake iwaonyeshe wageni waliotoka kwenye anwani moja ya mtandao iliyoshukiwa namba za kituo chake chenyewe cha simu badala ya namba za baadhi ya biashara. Simu zikaanza kuingia kwenye kituo hicho. Google haikukanusha. Nelson Mattos, aliyekuwa makamu wa rais wa kampuni hiyo, alikiri kwamba timu ya watu wa mradi wa Google ilitumia data ya Mocality isivyostahili na kupotosha kuhusu uhusiano wa kampuni hizo mbili, akasema wameomba radhi bila masharti.

Watu wengi walikikumbuka kisa hicho kama cha mkubwa kumnyang'anya mdogo, nao hawakukosea. Mimi nakiona kina fundisho jingine juu ya faili letu. Orodha ya biashara haiishi bila injini ya utafutaji. Lazima Googlebot iingie, isome, ilete wateja. Mlango wa roboti ulipaswa kuwa wazi. Waliotenda kosa, kwa maelezo ya Google yenyewe, walikuwa watu, si roboti inayopiga hodi. Mtu anayefungua ukurasa kwa kivinjari hasomi robots.txt wala hatarajiwi kuisoma. Faili lilitungwa kwa ajili ya roboti, na likanyamaza mbele ya binadamu wa kampuni ileile ambayo roboti yake hulitii kwa uaminifu. Hapo ndipo tunaona kwamba utii wa msomaji ni tabia ya programu moja kwa kazi moja. Si tabia ya kampuni nzima, wala haihami na data inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Msomaji wa sura hii ana haki ya kuuliza: kama si kufuli, lina faida gani? Liondolewe tu, tuweke nywila. Swali ni la haki lakini linadai kitu kimoja kifanye kazi ya kingine. Nywila humzuia kila mtu, akiwemo mteja wa Mombasa anayetafuta kiondo saa nne usiku. Faili hili huzungumza na wale tu tunaotaka waje, lakini waje kwa utaratibu, na kwa hao limefanya kazi kwa muda mrefu kuliko makubaliano mengi yaliyotiwa saini. Injini kubwa hulitii kwa sababu zinahitaji milango ibaki wazi. Zikilidharau, wenye tovuti watazifungia kwa njia nyingine, nazo zitakosa cha kuonyesha. Nguvu ya faili imo katika kuhitajiana huko. Na ndiyo maana lilianza kutikisika pale alipokuja msomaji asiyekuhitaji baada ya kukusoma. Kampuni zinazofundisha akili mnemba huchukua maandishi mara moja, na jibu hutolewa kwingine, bila mteja kurudi dukani. Agosti 2023 OpenAI ilitangaza jina la roboti yake, GPTBot, ili anayetaka aikatae. Mwezi uliofuata Google ilileta jina la Google-Extended, ambalo ni la ajabu kidogo: hakuna roboti inayokuja kwa jina hilo. Googlebot huja ileile, husoma yaleyale, na mstari wako husema tu kama yaliyosomwa yatumike kufundishia mifumo yao. Katazo limehama kutoka mlangoni hadi jikoni, na mwenye nyumba hana namna ya kuchungulia jikoni.

Wapo watakaosema kwamba aliyeweka kitu hadharani amekigawa, na anayelalamika kusomwa angekaa na vitu vyake ndani. Hoja hii huvutia kwa wepesi wake, lakini haistahimili kisa cha Mocality. Namba ya duka moja ilikuwa hadharani kweli, imeandikwa juu ya mlango wa duka. Kilichokuwa na thamani ni jasho la kuzikusanya namba 170,000, kuzihakiki na kuzipanga. Muuzaji akianika vyondo mbele ya kibanda, amekukaribisha kuvitazama na kuvishika; hajakukaribisha kuvibeba vyote ukauze ng'ambo ya barabara ukisema mmetumwa pamoja. Tofauti kati ya kutazama na kubeba ndiyo ambayo robots.txt hujaribu kuisema kwa lugha ya roboti, ikishindwa kwa sababu lugha hiyo ina maneno machache mno.

Basi sheria iingilie kati, atasema mwingine. Tunayo, lakini nayo husoma faili hili kwa namna yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 inamtia hatiani anayeingia mfumo bila idhini kwa kuvunja kinga za usalama. Mistari miwili ya ombi ni vigumu kuiita kinga, hasa pale waraka wa kiwango unapokana kwamba ni idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 naiona ina nguvu zaidi kwa mfanyabiashara mdogo, kwa kuwa namba ya simu ya mwenye kibanda ni data ya mtu, na kuitumia kibiashara kunahitaji ridhaa yake au ruhusa ya sheria. Angalia ilivyogeuza swali: haiulizi roboti iliingiaje, inauliza data ya mtu imetumikaje. Huo ndio upande ambao faili la 1994 haliwezi kuufikia, na ndiko ningependa juhudi zetu zielekee, kuliko kulilazimisha faili liwe kufuli ambalo halikuundwa kuwa.

Lakini hata ombi lahitaji mahali pa kuliandika, na wauzaji wengi wa Kariokor hawana mahali hapo. Duka lao ni ukurasa ndani ya mtandao wa kijamii. Roboti huliomba faili kwenye mzizi wa tovuti tu, mara baada ya jina, na kwa kila jina faili ni moja. Lililowekwa ndani ya folda halisomwi na yeyote. Kwa hiyo muuzaji aliye ndani ya Facebook anasemewa na Facebook, ambayo katika faili lake imekataza ukusanyaji wa kiotomatiki usio na ruhusa yake ya maandishi. Pengine muuzaji huyo angependa vikapu vyake vipitiwe na kila roboti duniani. Hakuulizwa. Jina lake mwenyewe chini ya .co.ke lingempa mzizi wake, na juu ya mzizi huo faili la mistari miwili, ambamo safari hii angeandika Disallow: /kikapu/, kwa mkwaju mwishoni. Alama hiyo moja huyafunga yaliyo ndani ya kapu la malipo, na kukiacha kikapu cha katani kisomwe.